BIBI ALIYEIFUNZA MASHINE MANENO

Muhula huu kundi letu chamani lilipewa kazi ya kutengeneza mchezo wa Sungura na Fisi kwenye kompyuta. Tulitumia Scratch, programu ambayo vipande vya maagizo huunganishwa kama matofali. Mmoja alipewa Sungura, mwingine Fisi, mwingine sauti. Siku ya kwanza tuligombana tu! Kila mtu alitaka kujenga chake tangu mwanzo, na hakuna aliyetaka kumwonyesha mwenzake. Mwalimu mlezi alitutuliza kwa kutusimulia maisha ya bibi mmoja, nami sioni vyema kuyameza peke yangu.

Grace Murray alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906, akiwa kifungua mimba katika watoto watatu. Alipokuwa na miaka saba alifungua saa ya kengele aone kinachoiendesha. Vyuma vikamwagika, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili, ya tatu, hata ya saba! Mama yake hakumkataza udadisi, ila tangu hapo alimwachia saa moja tu.

Mambo hayakumnyookea daima. Alipotaka kuingia Chuo cha Vassar alianguka Kilatini, ikabidi angoje mwaka mzima. Wanaolia hapa kwa sababu ya mtihani mmoja na wasikie! Alihitimu mwaka 1928, akaolewa na kuitwa Hopper, na mwaka 1934 akapata udaktari wa Hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale.

Alipokuwa mwalimu huko Vassar aliwataka wanafunzi wa Hisabati waandike insha. Wakanung'unika, eti hawakuja kusoma lugha. Yeye akashikilia kuwa hesabu usiyoweza kumweleza mwenzako haina faida.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alitaka kuingia jeshi la majini, akakataliwa kwa umri na wembamba. Aling'ang'ania hadi akakubaliwa mwaka 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kwenye Mark I, kompyuta ya urefu wa mita 15 hivi. Maagizo yake yalitobolewa kwenye ukanda wa karatasi. Yeye na wenzake waliona kwamba kazi nyingi zinarudia sehemu zilezile. Basi wakawa wanaweka kwenye madaftari vipande vilivyokwisha kufaulu, na aliyehitaji alinakili kwa mwenzake. Lakini binadamu ni binadamu: tarakimu moja ikinakiliwa vibaya, kazi yote inaharibika.

Mwaka 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly mjini Philadelphia, na kufikia mwaka 1952 alikuwa na dawa ya tatizo hilo. Iliitwa A-0. Vipande vilihifadhiwa kwenye utepe, kila kimoja na namba yake kama kitabu cha maktaba. Ukitaja namba, mashine inakitafuta na kukiunganisha yenyewe. Wengi hawakuamini. Kwao kompyuta ilikuwa ya kujumlisha na kutoa tu.

Hakukomea hapo. Alitaka watu wa ofisini waandike maagizo kwa maneno badala ya alama za hesabu. Wakubwa walikataa, eti kompyuta haijui Kiingereza. Alipowaonyesha kwamba maagizo hayo yanaweza kuandikwa hata kwa Kifaransa na Kijerumani, ndipo waliposhtuka zaidi. Kompyuta ya Marekani itajuaje Kifaransa? Kumbe kwa mashine maneno yote ni alama tu! Mwishowe subira ilivuta heri. Ikazaliwa FLOW-MATIC, na juu yake kamati ya watu wengi ikajenga COBOL, iliyoanzishwa mwaka 1959 na ambayo hata leo ingali inafanya kazi katika mabenki.

Uzeeni alizunguka akifundisha, akiwagawia watu vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa admeri mwenye miaka 79, akaaga dunia tarehe 1 Januari 1992. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunukia nishani akiwa kaburini. Lakini mwenyewe alihesabu vijana aliowafunza kuwa kazi yake kubwa kuliko zote.

Basi tuliposikia hayo, tulinyamaza. Kesho yake tulifungua daftari moja la kundi zima. Kipande cha kuruka cha Sungura kikachukuliwa na Fisi, na aliyekitunga akamweleza mwenzake kinavyofanya kazi. Tena tukabadilisha maandishi ya vipande yakawa ya Kiswahili, na mashine haikulalamika hata kidogo!

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nawe msomaji, daftari lako la vipande umemwonyesha nani?