Mbarak Bombay: Mtu Aliyeijua Njia ya Tabora kwa Miguu

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka: alfajiri, vumbi, nyimbo, na mwalimu wa zamu nyuma na fimbo yake. Hapa Tabora wengine hatujauacha. Jumamosi asubuhi tunatoka mjini tukikimbia kuelekea Kwihara, tunapita miembe na vilima vya mawe hadi kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho ya Livingstone. Tukifika tunakunywa maji, tunapiga picha, tunageuza. Nimekimbia njia hiyo mara nyingi bila kumfikiria mtu mwingine zaidi ya Livingstone na Stanley, maana hao ndio tuliofundishwa.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili, mada ya wapelelezi. Nikaandika ubaoni: Speke, 1858, Ziwa Victoria. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza huyo Speke aliulizaje njia wakati Kiswahili hakijui. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaendelea na somo, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Jibu lenyewe ni mtu mmoja, na makala hii ni habari ya maisha yake.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kusini, kwenye mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo kiasi cha kutomkumbuka vizuri. Alipofikia umri wa miaka kama kumi na miwili, wafanyabiashara wenye bunduki walikivamia kijiji chao kwa kisingizio cha kudai madeni. Wengine walikimbia, wengine wakakamatwa. Yeye alikuwa kati ya waliokamatwa. Akatembezwa hadi Kilwa, akavushwa bahari, akauzwa, akafikishwa India. Safari yake ya kwanza ndefu kwa miguu, basi, aliifanya akiwa mtoto na akiwa mtumwa. Baba yake hakumwona tena.

India alikaa miaka mingi. Jina alilopewa nyumbani lilipotelea njiani. Huko Waafrika waliitwa Sidi, na yeye akawa Sidi Mubarak Bombay, kwa jina la ule mji. Wenzake wa huku walimwita Mbarak Bombay tu. Bwana wake alipofariki, akawa huru. Angeweza kubaki huko, lakini akapanda chombo akarudi Zanzibar, akaandikishwa askari wa Sultani, akapangwa kwenye ngome ndogo bara, upande wa Pangani. Kutoka India alirudi na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya: Kihindustani.

Hapo ndipo penye jibu la yule binti. Mwaka 1857 walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakitafuta maziwa makuu na chanzo cha Mto Nile. Burton alikuwa mtu wa lugha, Kiarabu alikimudu. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, ila alikuwa ametumikia jeshi India na Kihindustani alikijua kidogo. Kwa hiyo katika msafara ule mzima Speke alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye kati ya wenyeji, na mtu huyo alikuwa Bombay.

Waliondoka pwani Juni 1857. Njia yenyewe haikuwa ya kugunduliwa na mtu. Wanyamwezi walikuwa wakiitumia zamani kupeleka pembe pwani, na wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walikuwa wameshajenga hapa Unyanyembe. Ilikuwa na vituo vyake, visima vyake, na wenyewe wa kudai hongo. Mpagazi alibeba zaidi ya kilo 30 begani: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Mbele alitangulia kirangozi. Anayesafiri leo kwa treni ya reli ya kati anapita nchi ileile kwa sehemu kubwa, ila yeye amekaa.

Baada ya mbuga za pwani ilikuja milima ya Usagara. Walipoukabili mlima wa Rubeho, Septemba ile, Burton na Speke walikuwa wameshikwa na homa kiasi cha kuhitaji kuegemezwa ili wapande. Ukishuka upande wa pili unakutana na Ugogo na ukame wake, unalipa hongo, unaingia pori la Mgunda Mkali, ndipo unatokea Unyamwezi. Waliingia Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke pwani, baada ya mwendo wa karibu kilomita 1,000. Mwezi Februari 1858 walifika Ujiji.

Waliporudi Tabora Burton alikuwa hoi. Julai 1858 Speke alimwacha hapa akaenda kaskazini, Bombay akiwa naye. Tarehe 3 Agosti waliliona ziwa, pale Mwanza. Speke akataka kujua urefu wake. Hebu fikiria swali hilo lilivyosafiri: Speke anauliza kwa Kihindustani chake cha kuungaunga, Bombay anakigeuza kuwa Kiswahili, mwingine anakigeuza kuwa lugha ya mwenyeji, kisha jibu linarudi kwa njia ileile. Mwenyeji mmoja aliashiria kaskazini kwamba maji yanaendelea tu, pengine hadi mwisho wa dunia. Kwa majibu ya namna hiyo Speke akaamini kwamba chanzo cha Nile ndicho hicho. Burton alikataa, na moja ya hoja zake ilikuwa huo mnyororo wa tafsiri: kwamba habari iliyopita midomo mingi hivyo haiaminiki. Mabwana hao wawili waligombana miaka, magazeti ya London yakajaa. Mwisho Speke akaonekana kuwa sahihi. Mdomo uliopitisha habari hiyo ukawa umetajwa kama kifaa, basi.

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Grant, na Bombay akatoka nao tena. Safari hii walipita Tabora, Karagwe kwa Rumanika, Buganda kwa Mutesa, wakaufuata Nile mpaka Misri. Mtoto aliyeuzwa utumwani akafika Cairo mwaka 1863, mtu huru na mwenye ujira wake. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa medali ya fedha.

Lakini tusiipambe hadithi. Katika safari hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu anaowaongoza. Bombay akaacha kazi kwa muda mfupi, halafu wakapatana. Stanley alipomchukua mwaka 1871 alikuta pengo la meno ya mbele, na ilisemwa ni kazi ya ngumi hizo. Na yeye Bombay hakuwa malaika. Mabwana zake walilalamika kwamba alipenda pombe na kwamba vitu vilipotea mikononi mwake. Kama ni kweli au walitafuta wa kumtwisha lawama, mtu anaweza kubishana, maana karibu yote yaliyoandikwa juu yake yameandikwa na waliomlipa.

Stanley alifika Tabora ikiwa vitani. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, na Agosti 1871 watu wake waliingia Tabora wakachoma nyumba. Msafara wa Stanley ulilazimika kuzunguka kusini. Wapagazi walitoroka, wengine wakagoma porini, na kazi ya Bombay kama mnyapara mkuu ilikuwa kuhakikisha waliobaki wanaendelea kutembea. Tarehe 10 Novemba walifika Ujiji, Stanley akampa Livingstone mkono. Picha ya tukio hilo iko kwenye vitabu vingi. Mtafute Bombay ndani yake.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Cameron, 1873. Juni ile, wao wakiwa njiani, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Walikuwa Kwihara, kwenye tembe lile tunalokwenda kupigia picha, Cameron akiugua homa, Oktoba walipotokea Chuma na Susi wakiwa na mwili wa Livingstone. Cameron alitaka azikwe hapahapa. Wale wakakataa, wakaendelea na mzigo wao hadi pwani. Bombay yeye akaendelea magharibi: Ujiji, Nyangwe, mpaka pwani ya Atlantiki, Benguela, Novemba 1875. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Inakadiriwa kwamba kwa jumla alisafiri karibu kilomita 9,600, sehemu kubwa kwa miguu.

Alirudishwa Zanzibar kwa bahari, akapewa malipo ya uzeeni na ile Jumuiya ya London, akafariki tarehe 12 Oktoba 1885. Februari ya mwaka huohuo Ujerumani ilikuwa imetangaza ulinzi wake juu ya Usagara na nchi jirani, yaani milima ileile aliyoipanda na Burton. Agosti manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba la Sultani mjini Zanzibar. Aliishi, basi, kuona njia aliyowaonyesha wageni inatumika kwa jambo jingine. Waliokuja nyuma hawakuhitaji tena wa kuwatafsiria. Walikuwa na ramani.

Nimejiuliza kama hilo linamfanya mwenye kosa. Mimi naona hapana, lakini sitaki kumfundisha kama shujaa pia, kwa sababu shujaa ni rahisi kukariri kwa mtihani na kusahau. Ningependa kumfundisha kama mtu aliyefanya kazi aliyoijua, katika dunia ambayo hakuipanga yeye. Sisi tunaosomea ualimu kazi yetu nayo ni ya kutafsiri: tunapokea vitu upande huu na kuvipitisha upande ule. Tukiandika ubaoni Speke, 1858, tukaishia hapo, tumetafsiri nusu.

Yule binti sasa yuko kidato cha tatu. Jibu lake nimeliandika kwenye barua kwa mwalimu wake wa historia, kurasa mbili. Na Jumamosi hii, wenzangu wa mchakamchaka, tukifika Kwihara naomba dakika tano kabla ya picha.