Beijerinck, mtu wa izini aliyekamata kijani cha maji

Pale Kailo, shimo likisha kuachwa, mvua inalijaza, na kisha majuma machache maji yanageuka kijani. Iko hivyo kwa mashimo ya wakati wa Symétain, iko hivyo kwa haya tunayochimba leo. Watoto wanaogelea humo, mama zetu wanafulia humo, na wengi wetu tunasema ni uchafu tu. Kumbe ile kijani ni viumbe hai, mwani mdogo sana: mia moja vikipangwa kwa mstari havipiti milimeta moja. Mtu wa kwanza kukitenga kimoja, kukilea peke yake na kukipa jina alikuwa Mholanzi, Martinus Willem Beijerinck. Siku zile hakuwa profesa wa chuo kikubwa. Alikuwa mfanyakazi wa izini.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Machi 1851. Baba yake aliuza tumbaku, biashara ikaanguka, akaingia kazi ya karani katika kampani ya reli. Nyumbani pesa haikuwa nyingi. Kijana alisoma kemia Delft, ambako alikuwa rafiki wa van 't Hoff, yule ambaye mwaka 1901 alipata tuzo ya kwanza ya Nobel ya kemia. Kisha akafundisha kwa kutafuta mkate, akapata udaktari wake Leiden mwaka 1877, na akaendelea kufundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen.

Mwaka 1885 akahamia Delft, kwenye izini ya chachu na pombe kali. Chachu ni ile levire ya mkate. Pombe kali, tuseme ndugu ya lotoko yetu, isipokuwa ilikuwa na karatasi za serikali. Patron wake aliitwa Jacob van Marken, na huyu wana-sendika tunapaswa kumjua. Tangu mwaka 1878 aliweka katika izini yake baraza ambamo wafanyakazi walikaa na kusema mambo ya kazi, la kwanza katika Uholanzi yote. Akawajengea pia mtaa wenye nyumba na bustani, akauita Agnetapark kwa jina la bibi yake, Agneta. Mimi simsifu bila kipimo. Wazee wetu walioishi katika kambi za kampani wanajua: nyumba ya patron ni nyumba kweli, lakini siku unagombana naye, unagombana na mwenye paa lako. Hata hivyo, baraza la mwaka 1878 ni kitu ambacho kuna mahali kwetu bado tunakiomba leo.

Van Marken alimpa Beijerinck laboratware, na hakumfunga kwa chachu peke yake. Mwaka 1888 akatenga bakteria wanaokaa ndani ya vinundu vya mizizi ya kunde. Ng'oa karanga yako shambani, utaona vinundu hivyo. Bakteria wale wanakamata naitrojeni ya hewa na kulisha mmea, njo maana karanga inazaa hata penye udongo uliochoka.

Kisha akageukia maji ya kijani. Alichukua maji ya mfereji, akayachemsha pamoja na jelatini, akamwaga yagande kama uji uliolala, halafu akaweka juu yake tone la maji yenye mwani. Katika maji kila kiumbe kinatembea na kuchanganyika na vingine. Juu ya jelatini kinabaki pale kilipoanguka, kinazaana, na watoto wake wanafanya doa moja la kijani. Ukichota doa lile, umechota ukoo mmoja bila mgeni ndani. Mwaka 1890 akatangaza kazi yake na akakipa kiumbe jina Chlorella, maana yake kijani kidogo.

Sasa sukari. Kila kiumbe hai kinatengeneza protini, na protini nyingi, kabla hazijatoka ndani ya seli, zinabandikwa vipande vya sukari vilivyoungana kama matawi ya mti. Siyo sukari ya chai. Matawi yale yanasaidia protini kujikunja sawasawa na kudumu, na seli zingine zinayasoma kama alama. Mfano tunao katika damu yetu: mtu wa grupu A na mtu wa grupu B wanatofautiana kwa kipande kimoja cha sukari juu ya seli nyekundu. Ni kidogo hivyo, lakini mtu akipewa damu isiyo yake anaweza kufa kwa ajili yake.

Njo maana wenye kutengeneza dawa wanayachunguza. Kuna dawa ambazo ni protini zenye sukari, kwa mfano ile ya kuongeza damu kwa mgonjwa wa figo. Nyingi zinatengenezwa ndani ya seli zilizotoka kwa panya mmoja anayeitwa hamster, na gharama yake ni kubwa. Mwani unahitaji mwanga, maji na chumvi kidogo, kwa hiyo watu wanauliza kama unaweza kufanya kazi ile kwa bei ndogo. Protini unaweza kuitengeneza. Lakini unaibandika sukari zake wenyewe, na mwili wa mtu unaweza kuziona kama mgeni na kumfukuza. Jambo hilo halijaisha.

Na sukari za mwani ni za ajabu. Mwaka 2019 wachunguzi wa Vienna, Austria, walionyesha kwamba Chlorella vulgaris, ile ya Beijerinck, inabeba matawi ya sukari inayoitwa manosi, yenye nyongeza ambazo kwetu watu hazipo. Mwaka uliofuata wakapima mwani wa aina nyingi pamoja na bidhaa 80 zilizouzwa kwa jina la Chlorella. Wakakuta makundi 13 yaliyo mbali kwa sukari zao, na karibu miundo 100 ya uzito tofauti. Kwa darubini vyote ni viduara vya kijani, huwezi kuvitenganisha. Jina moja juu ya kopo, ndani ukoo mbalimbali.

Mchimbaji wa kasiteriti anaelewa upesi. Mfuko wetu unafungwa etiketi yenye numero, ili mnunuzi ajue umetoka shimo gani. Lakini etiketi inafungwa kwa mkono wa mtu, na mkono wa mtu tunaujua. Sukari ya mwani inafungwa na mwani wenyewe, na muuzaji hawezi kuigusa. (Nani analipa gharama ya etiketi zetu mwishoni, hiyo ni habari ya siku ingine.)

Kwa hiyo mtu akikuletea Kailo kopo la vidonge vya kijani na kusema vinaponya kifua cha vumbi, ushike kwanza franka zako. Chlorella ni chakula chenye protini. Mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe hayana kidonge cha kuyarudisha, na kifua kikuu kina dawa zake, zinatolewa bure kwenye senta ya afya. Ukikohoa majuma mawili, nenda kule.

Mwaka 1895 Beijerinck akawa profesa Delft. Mwaka 1898 akaandika juu ya ugonjwa wa majani ya tumbaku, yale yenye madoa. Alipitisha maji ya majani magonjwa katika chujio lenye kuzuia kila bakteria, na maji yaliyotoka yakaambukiza bado. Akasema kisababishi siyo bakteria, akakiita virusi. Ukiona sombe yenye majani yaliyokunjana na madoa ya manjano, ni ndugu wa jambo lile lile, virusi vya mozaiki ya muhogo. Na baba yake alikuwa ameangushwa na tumbaku!

Kama shefu wa ekipe nisingemtaka. Alikuwa mkali, aliwatukana wanafunzi mbele ya wenzao, na msaidizi akioa alikasirika kama vile ameibiwa. Mwenyewe hakuoa, aliishi na dada zake wawili. Van Marken aliwapa wafanyakazi baraza. Katika laboratware ya Beijerinck baraza lilikuwa yeye peke yake. Wanafunzi walimvumilia kwa sababu alijua.

Alistaafu mwaka 1921, akaenda na dada zake kukaa Gorssel, mugini mdogo, kati ya mimea yake. Akafa tarehe 1 Januari 1931. Ukoo wa Chlorella aliouchota Delft mwaka 1889 haujafa. Unalelewa Göttingen, Ujerumani, katika mkusanyo wa mwani, kwa numero 211-11b, na watu wa laboratware wanaweza kuagiza chupa yake mpaka leo.