Beijerinck na Vita vya Chini kwa Chini

Wenzangu, kwetu Lulindi ukichanganya mbaazi na mahindi hakuna anayekuuliza sababu. Udongo wetu ni wa kichanga, na wazee wanajua shamba lililotoka mbaazi lina nguvu. Nguvu hiyo inaletwa na nani? Jibu lilipatikana kwa Mholanzi Martinus Beijerinck, ambaye mimi namhesabu kama mwalimu wangu ingawa alifariki mwaka 1931.

Alizaliwa Amsterdam mwaka 1851. Baba yake aliuza tumbaku, biashara ikafilisika. Kijana akasoma kemia, kisha mimea, na mwaka 1877 akapata udaktari Leiden kwa utafiti wa uvimbe unaoota kwenye mimea. Mwaka 1885 kiwanda cha hamira cha Delft kikamwajiri. Huko, mwaka 1888, akawatoa bakteria kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde na kuwaotesha peke yao. Tayari mwaka 1886 Mjerumani Hellriegel alikuwa ameonyesha kuwa mimea yenye vinundu hupata naitrojeni ya hewani. Beijerinck hakuoa, na wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake. Mwaka 1895 akawa profesa Delft, mpaka alipostaafu 1921.

Sasa hapa ndipo penye kazi yetu. Kwenye kisahani chake bakteria walikaa peke yao. Shambani wanagombania mlango. Mzizi mchanga hutoa kemikali za kuwaita, wanaitika wengi, lakini mmea huruhusu vinundu kwa idadi tu. Anayewahi ndiye anayeingia, na si lazima awe mchapakazi. Wengine hula sukari ya mmea na kurudisha naitrojeni kiduchu. Ndiyo maana mkulima anaweza kupaka mbegu za soya bakteria wa dukani na asione tofauti: wenyeji wa udongo wamewatangulia, tena kwa wingi. Na salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga huongeza tindikali ardhini, jambo ambalo wageni wengi hawalimudu.

Jamani, kesho tutakuwa maafisa ugani. Kabla ya kumshauri mkulima anunue pakiti, tung'oe mche unaotoa maua na kupasua kinundu. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, mara nyingi kinakula bure. Beijerinck alimtenga bakteria ili amjue. Kuwajua wakiwa wamesongamana kwenye udongo wa Masasi na Newala, hiyo ni zamu yetu.