Glenn Curtiss: Jamaa wa baiskeli aliyepachika injini ya silinda nane kwenye pikipiki

Ukipita kwenye vibanda vya mafundi wa nduthi mjini Ruiru, hutakosa kijana mwenye ndoto hii: kung'oa injini ya cc 100 kwenye pikipiki ndogo ya kukanyaga matope, kisha apachike ya cc 200. Anataka ipande milima ya Gatundu bila kuhema. Pengine kijana huyo ni wewe. Basi kabla ufungue bolti ya kwanza, hebu sikia habari za Glenn Curtiss.

Curtiss alizaliwa Mei 21, 1878 huko Hammondsport, mji mdogo katika jimbo la New York, Marekani. Mji huo ulijulikana kwa mashamba ya zabibu, jinsi Ruiru ilivyojulikana kwa kahawa kabla ya ploti kuchukua nafasi. Babake alifariki angali mtoto mdogo. Masomo yake yaliishia darasa la nane tu, kisha akaanza kusaka riziki.

Aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya picha iliyokuja kuitwa Kodak. Baadaye akawa wa kupeleka telegramu kwa baiskeli. Leo ungemwona na begi la delivari mgongoni akikata kona za Thika mjini. Aliipenda kasi mno, akaingia mashindano ya baiskeli, na hatimaye akafungua duka lake la kuziuza na kuzikarabati.

Mnamo 1901 aliagiza injini ndogo kwa posta. Ilikuja vipande vipande, tena bila kabureta. Inasimuliwa kuwa alichukua mkebe wa supu ya nyanya akaugeuza kabureta. Huo ndio ujuakali wenyewe! Akaifunga injini kwenye baiskeli na ikaenda, lakini ilikuwa dhaifu.

Alifanya nini? Kile kile unachowazia wewe: akaagiza kubwa zaidi. Hiyo ilikuwa na nguvu kweli, ila ilikuwa nzito kupindukia na ilitikisa fremu kana kwamba inataka kujing'oa. Hapo ndipo akili ilimjia. Ukiongeza nguvu, umeongeza pia uzito na mtikisiko, na yote hayo hubebwa na fremu. Badala ya kutafuta injini ya tatu, aliketi akaunda yake mwenyewe, nyepesi lakini yenye nguvu. Kufikia 1902 alikuwa akiuza pikipiki zake kwa jina la Hercules.

Injini zake zilisifika hadi Thomas Baldwin, aliyekuwa akiunda puto za kusafiri angani, akazitafuta. Baada ya muda Curtiss akatengeneza injini ya silinda nane ya vyombo vya angani, yenye zaidi ya cc 4,000 na nguvu za farasi takriban 40. Lakini angeijaribu vipi? Akaamua kuipanda.

Hakuitupa tu kwenye fremu yoyote iliyokuwa karibu. Aliunda fremu ndefu na imara kwa ajili ya injini hiyo. Mikanda iliyotumika kwenye pikipiki za wakati huo isingehimili nguvu zile, kwa hivyo akaweka shafti ya chuma ya kuzungusha gurudumu la nyuma.

Januari 24, 1907, kwenye mchanga wa ufuo wa Ormond Beach, Florida, alikimbia maili moja kwa sekunde 26.4. Hiyo ni karibu kilomita 219 kwa saa. Kwa mwendo huo, ungetoka Ruiru ufike Thika kwa dakika zisizozidi sita au saba. Magazeti yakamtangaza kuwa binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani.

Lakini sikiliza sehemu ambayo wengi huiruka. Alipokuwa akirudi, kiungo cha shafti kilikatika. Shafti ikaanza kuchapa huku na huku, fremu ikapinda, naye yuko juu ya chuma hicho kikiwa bado kasi. Alifaulu kuisimamisha akiwa mzima, lakini mbio za pili hazikuwezekana, na rekodi ile haikuhesabiwa rasmi. Injini haikuwa na kasoro. Kilichoshindwa ni vile vilivyoizunguka.

Baada ya hapo Curtiss aligeukia ndege. Julai 4, 1908, ndege yake June Bug iliruka zaidi ya kilomita moja mbele ya umati na kushinda kombe. Akawa pia miongoni mwa waanzilishi wa ndege za kutua majini. Alifariki Julai 23, 1930, akiwa na umri wa miaka 52.

Sasa turudi kwa nduthi yako. Injini mpya kuingia kwenye nafasi ile si kazi kubwa. Fundi mzuri atachomelea vishikizi jioni moja. Maswali magumu yanakuja baadaye. Je, cheni imenyooka kutoka injini hadi gurudumu la nyuma? Breki iliyoundwa kusimamisha cc 100 itasimamisha hii? Shokomzoba za mbele zitabeba uzito ulioongezeka? Fremu itavumilia mtikisiko, au itapasuka pale palipochomelewa ukiwa mbio? Na usisahau kwamba nambari ya injini iko kwenye logbuku. Ukibadilisha, peleka habari NTSA na kwa kampuni ya bima.

Thika kuna kiwanda cha kuunganisha magari, na Ruiru kuna mafundi wasiohesabika. Vipaji tunavyo. Lakini Curtiss, fundi wa darasa la nane, hakufika angani kwa kuwa na injini kubwa pekee. Alifika kwa sababu kila kitu kilipovunjika, aliuliza kwa nini, kisha akakiunda upya. Wewe bahati yako ni kwamba unaweza kuuliza kabla hakijavunjika.