Jemadari wa Salaita na Nchi Ndogo Aliyoipindua

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akiisha kupita Mwatate, Bura na Maktau, hukutana na kilima kidogo kilichojitenga peke yake katika tambarare kavu. Hicho ndicho Salaita. Nimekipanda mara kadhaa, na kila mara nimezikuta alama za mahandaki yaliyochimbwa na majeshi ya Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Na kila mara nimemsikia mtu, awe mgeni au mwenyeji, akimsifu aliyeyaamuru majeshi hayo: Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari ambaye hakushindwa.

Sina ugomvi na sifa ya ushupavu wake. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi yake hukatizwa mwaka 1918, kana kwamba alikufa siku ile alipoweka silaha chini. Kumbe aliishi miaka 45 zaidi, na tendo lake la kisiasa lililo zito kuliko yote alilitenda kwao, katika nchi ndogo ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia.

Alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa wanajeshi. Alipigana China, kisha Namibia, ambako jeshi la Ujerumani liliwaangamiza Waherero na Wanama. Alifika Dar es Salaam Januari 1914. Vita vilipozuka, tarehe 15 Agosti 1914 majeshi yake yaliitwaa Taveta, na bendera ya Ujerumani ikapepea hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea mpakani. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walitumwa kukiteka Salaita, wakatimuliwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alikuja na nguvu kubwa zaidi, Taveta ikakombolewa, na mapigano yakafuata katika vilima vya Latema na Reata.

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawang'oa wote mlimani mwao na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko. Waliosalia hawakurudi kwao hadi miaka ya 1930. Wakati huo Lettow-Vorbeck alikuwa akirudi nyuma kusini, akiishi kwa chakula cha wanakijiji na migongo ya wapagazi. Nafaka na ng'ombe waliochukuliwa na majeshi ya pande zote mbili vilichangia njaa iliyoitwa Mtunya katika Ugogo. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, mahali paitwapo leo Mbala, Zambia. Machi 1919 aliingia Berlin akishangiliwa kama shujaa.

Lakini Ujerumani aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Mfalme mkuu alikuwa amekimbia, na watawala wadogo wa majimbo walikuwa wameviacha viti vyao. Mmojawapo alikuwa mtawala wa Mecklenburg-Schwerin, nchi ya kaskazini kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika 700,000. Hadi mwaka 1918 nchi hiyo haikuwa na bunge la kuchaguliwa na raia. Neno lilikuwa la makabaila wachache wenye mashamba makubwa, na wakulima wengi walikuwa vibarua juu ya ardhi isiyo yao. Msomaji wa Taveta, anayeyajua mashamba ya mkonge na kilio cha maskwota, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwaka 1919 watu hao walipiga kura, wanaume kwa wanawake, wakajipatia serikali yao.

Ni huko ndiko jemadari wetu alikokabidhiwa kikosi cha jeshi la taifa, makao yake yakiwa katika mji mkuu, Schwerin. Tarehe 13 Machi 1920, Wolfgang Kapp na Jenerali Lüttwitz walijaribu kuipindua serikali ya Ujerumani huko Berlin. Maafisa wengi walisitasita. Lettow-Vorbeck hakusita: aliwaunga mkono waasi, akaiweka kando serikali ya Mecklenburg-Schwerin iliyotokana na kura, na kuyatwaa mamlaka kwa nguvu ya bunduki. Wafanyakazi waligoma nchi nzima ya Ujerumani, mashamba na viwanda vikasimama, na damu ya raia ikamwagika. Baada ya siku chache tu mapinduzi yaliporomoka. Jemadari ambaye Smuts hakuweza kumnasa aliangushwa na wagomaji wasio na mzinga hata mmoja, akaondoka jeshini mwaka huohuo.

Haki inanidai niseme na mema yake. Baadaye alitafuta uongozi kwa njia ya halali, akawa mbunge wa Ujerumani tangu 1928 hadi 1930 katika mrengo wa wahafidhina, na hakuwa mfuasi wa Hitler. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1953 alizuru Afrika Mashariki, na askari wake wazee wakamlaki kwa furaha. Alifariki Hamburg Machi 1964, na mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari hao waliosalia walipwe malimbikizo yao.

Lakini ile nchi ndogo haikupona. Waliofundishwa mwaka 1920 kwamba serikali ya kura yaweza kusukumwa kando hawakulisahau somo. Juni 1932 Wanazi walipata zaidi ya nusu ya viti vya bunge la Mecklenburg-Schwerin, na mwezi uliofuata wakaunda serikali yake, miezi kadhaa kabla Hitler hajaishika Ujerumani yote. Mwaka 1934 iliunganishwa na jirani yake, Mecklenburg-Strelitz, na jina lake likafutika katika orodha ya majimbo.

Sisemi kwamba mtu mmoja ndiye aliyeleta yote hayo. Nasema kwamba mtu aliyezoea kuamuru vijiji vya wengine bila kuviuliza hakuona ajabu kuiamuru nchi ya watu wake vivyo hivyo. Aliyoyafanya kwetu tumeyaita ushujaa, na aliyoyafanya Schwerin huitwa uasi, ilhali mkono ni uleule.

Kwa hiyo tunapowapeleka watoto wetu Salaita, tuwaoneshe mahandaki, kisha tuwaelekeze macho kusini mashariki, uliko mlima wa Kasigau, na kuwasimulia waliohamishwa. Halafu tuwasimulie na Schwerin. Ushupavu wa vitani ni jambo moja, na kuiheshimu kura ya kibarua ni jambo jingine. Shujaa asiyeliweza hilo la pili tusimpe sifa yote.