Edward Saidi Tingatinga: mchoraji aliyeitoa sanaa barabarani

Msikilizaji, ukisikia neno tingatinga huenda unafikiria mashine ya kusukuma udongo. Lakini zile picha za tembo, chui na ndege wa rangi kali zinazouzwa mijini zimepata jina lake kwa mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika familia ya wakulima. Alisoma miaka michache tu. Miaka ya 1950 alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani na vibarua vingine. Chuo cha sanaa hakukijua.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, hivyo alichukua vipande vya mbao laini za dari na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Rangi hiyo inang'aa na bei yake ilikuwa nafuu. Alipaka ubao wote rangi moja, kisha katikati akachora mnyama mmoja mkubwa, mara nyingi mwenye madoa. Hakujali sana umbo halisi la mnyama, na ndiyo maana kazi zake hazifanani na za mwingine.

Picha zake hazikusubiri jumba la maonyesho. Zilitandazwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mpita njia yeyote azione. Mkewe, Agatha, alisaidia kuziuza, na wageni wengi walinunua. Biashara ilipokua, aliwafundisha ndugu na vijana wa kwao, wakiwemo January Linda na Adeusi Mandu.

Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakisaka wahalifu walimpiga risasi kwa kumdhania kuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka takriban 40, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Walijiunga pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo mtindo huo unauzwa hadi Ulaya na Japani. Huku kwetu Ilemela, mafundi wanaoandika mabango na mitumbwi ya Kirumba na Igombe nao hufanya kazi yao mbele ya macho ya watu, kwa rangi za dukani.

Ukiuziwa picha yenye saini ya E.S. Tingatinga, usiamini haraka. Za mkono wake ni chache, za kughushi ni nyingi.