Matia Mulumba, Mume wa Mke Mmoja



Wengi wenu mmekwisha kuhiji Namugongo tarehe 3 Juni, na ambao hamjafika mnawajua Mashahidi wa Uganda kwa picha zao makanisani. Tukiwataja, mawazo yetu hukimbilia kwa Karoli Lwanga na vijana wa ikulu ya Kabaka. Leo nawaomba tumtazame mwingine, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenye cheo na mwenye nyumba yake. Ninawaandikia ninyi wenye ndoa, na zaidi ninyi mnaogongewa mlango usiku na jirani mkasuluhishe mume na mke. Mtakatifu huyu ni wenu.

Alizaliwa karibu mwaka 1836 huko Busoga, mashariki ya mto Nile. Akiwa mtoto alitekwa pamoja na mama yake, wakapelekwa Buganda. Huko alifikia nyumbani kwa mzee mmoja, Magatto, ambaye alimlea kama mtoto wake. Mzee huyo kabla ya kufa aliwaambia watoto wake kwamba siku moja watakuja watu wenye kufundisha njia ya kweli, nao wawasikilize. Neno hilo lilimkaa kijana moyoni. Alipokuwa mkubwa alipewa kazi ya kusimamia ujenzi kwa chifu mkuu wa jimbo la Ssingo, na Mulumba ni jina la cheo chake. Alikuwa mtu wa nguvu nyingi mwilini, tena mwenye kutafuta. Kwanza alifuata Uislamu, halafu akaenda kusoma kwa Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana, na mwaka 1880 akabisha hodi kwa Mapadre Weupe, waliokuwa wamefika Buganda mwaka uliotangulia. Msimwite kigeugeu. Alikuwa akitafuta kile alichoahidiwa na mzee wake.

Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882, akaitwa Matia. Kati ya kubisha hodi na kubatizwa ilipita miaka miwili, na hapo ndipo penye jambo letu.

Kama wakubwa wote wa Buganda, Mulumba alikuwa na wake wengi. Wake ndio waliolima migomba, wakapika na kupokea wageni. Mkubwa asiye na wake wengi alionekana kama maskini aliyevaa nguo za kuazima. Mulumba aliposikia Injili inavyosema juu ya mume na mke kuwa mwili mmoja, aliwaacha wote, akabaki na mmoja, jina lake Kikuwamba. Hakungoja kwanza wakubwa wenzake wafanye hivyo. Wala hakuishia hapo, kwani mkubwa huyu alianza kushika kazi za mikono na kubeba mizigo, mambo ambayo watu wa cheo chake waliwaachia watumwa na wanawake.

Sisi wa Kisii na Nyamira tunajua hiyo ilikuwa na maana gani. Kwa babu zetu kila mke alikuwa na enyomba yake, shamba lake na ng'ombe wake, na mwenye nyumba nyingi ndiye aliyesikilizwa barazani. Askofu wa kwanza wa Kisii, Maurice Otunga, aliyepewa jimbo letu lilipoanzishwa mwaka 1960, naye alikuwa mtoto wa chifu mwenye wake wengi, Sudi Namachanja wa Bukusu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mke mmoja ni desturi ya wazungu iliyowakuta Waafrika wasiojua wanachokiacha. Walijua sana, na kiliwauma.

Na wale wanawake walioachwa je? Hili ni swali zuri, na mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kwa ukali kabisa. Kanisa halikulipita. Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1148, inasema juu ya mtu asiyebatizwa mwenye wake wengi ambao nao hawajabatizwa: akipokea ubatizo, na ikiwa ni vigumu kwake kukaa na yule wa kwanza, anaweza kubaki na mmojawapo. Lakini Askofu ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wa kwanza na wale wengine wanapata mahitaji yao kwa haki na kwa upendo. Yaani mtu hawezi kuingia kisimani mwa ubatizo huku nyuma yake ameacha mama na watoto wanalala njaa, halafu akaita hiyo toba.

Siku hizi shida yetu ina sura nyingine. Mashamba yamegawanywa mpaka yamebaki vipande, na wachache wanaweza kujenga nyumba ya pili bomani. Kilichobaki ni mwanamke aliyepangiwa chumba mjini. Tuseme mume ana ndoa ya kanisani, naye ana mwanamke huko na watoto wawili. Huyu si kama Mulumba kabla ya ubatizo. Ameapa mbele ya altare, na hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Mke wake amekuja kwenu analia. Mtafanya nini?

Nimeona wasuluhishi wengi wakifungua Biblia kabla ya kuvuta kiti. Wanasoma Marko 10, wanamgombeza mume, wanafunga kwa sala, wanakunywa chai, wanakwenda. Mwezi ukiisha mambo ni yale yale, ila sasa mume anaikimbia jumuiya. Maandiko yenyewe hayafundishi hivyo. Kitabu cha Methali, sura ya 18, kinamhesabu kuwa mpumbavu yule anayejibu kabla ya kusikiliza. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na amri ya sita. Alianza na habari ya maskini na kondoo wake mmoja, Daudi akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Na Bwana wetu anaagiza katika Mathayo 18 kwamba ndugu aliyekosa aendewe kwanza faraghani, halafu na mmoja au wawili, ndipo baadaye Kanisa. Sisi hugeuza ngazi hiyo juu chini: jumuiya nzima inajua Jumanne, mwenyewe anaambiwa Jumapili.

Kwa hiyo nendeni wawili, mume na mke, kama mnaweza. Baba amsikilize baba, mama amsikilize mama, kila mmoja peke yake, kabla ya kuwaweka pamoja. Wazee wa etureti walijua kwamba kesi isiyosikilizwa pande zote huzaa kesi nyingine. Dhambi iliyo ya kitubio mwachieni padre. Kuhusu mwanamke wa mjini, uhusiano huo hauna budi kukatwa, na kukatwa kweli. Lakini watoto wawili ni wa baba yao, na karo na chakula chao ni deni lake. Mke wa ndoa asaidiwe polepole kulikubali hilo. Ni zito, msimharakishe.

Tena kuna jambo ambalo sitalizungushia maneno. Mke anayepigwa asisomewe aya ya utii akarudishwa usiku ule ule. Kwanza awe mahali salama, atibiwe, na polisi waambiwe inapobidi. Waefeso 5 inawaagiza waume kuwapenda wake zao kama miili yao wenyewe, na sijaona mtu anayejipiga fimbo mgongoni kwa sababu chakula kimechelewa.

Turudi kwa Matia. Mnamo Novemba 1882 mapadre waliondoka Buganda, wasirudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakristo walikaa bila Misa na bila padre wa kumkimbilia. Kule Mityana, makao ya Ssingo, Matia pamoja na Luka Banabakintu na mfinyanzi Noe Mawaggali walikusanya watu, wakawafundisha sala na Neno la Mungu, na kundi likakua. Fikirini mkubwa aliyeacha wake zake akiwafundisha majirani wenye wake wanne, watano. Walimjua nyumbani kwake. Waliona nani anapika na nani anabeba mzigo. Mtume Paulo anawaambia Wagalatia wamrudishe aliyeanguka kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake, na mimi naona Matia alianzia hapo kwenye kujiangalia.

Mwaka 1884 Mwanga alikuwa Kabaka, na Mei 1886 akawakamata Wakristo wengi. Matia na Luka walipelekwa mbele ya Katikiro Mukasa. Tazameni alishtakiwa kwa lipi. Katikiro alimdhihaki kwa wembamba wake, akauliza kama ndiye yule aliyefukuza wake zake na sasa anajipikia chakula mwenyewe. Matia naye akauliza kama amekamatwa kwa ajili ya wembamba au kwa ajili ya dini. Ndoa yake ilikuwa kichekesho cha baraza, na hakuikana.

Walipokuwa wakipelekwa Namugongo, Matia alikataa kuendelea na safari mahali panapoitwa sasa Old Kampala. Kama ni kufa, afe hapo. Wakamkata mikono na miguu, wakamchuna nyama ya mgongo na kuichoma mbele ya macho yake, wakafunga mishipa ili asife upesi. Hiyo ilikuwa tarehe 27 Mei. Siku ya tatu watu waliokuwa wakikata matete walisikia sauti ikiomba maji. Walipomwona wakakimbia kwa hofu. Alikufa peke yake. Tarehe 31 Noe Mawaggali akauawa Mityana, na Kikuwamba akabaki mjane. Matia na wenzake walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, miaka 53 baada ya Mapadre wa Mill Hill kufungua misioni ya Nyabururu kwetu Kisii.

Mkijaliwa kwenda Namugongo mwakani, tengeni saa moja mpite Old Kampala, katika kanisa la parokia ya Mtakatifu Matia Mulumba. Nendeni mume na mke pamoja, na kama kuna jirani wawili ambao ndoa yao inawasumbua, wachangieni nauli mwende nao.